Maonyesho Tisa kwa Siku Moja

Agosti 1944, kwenye madaraja ya mashariki mwa Normandy, Ufaransa, askari wa Divisheni ya 6 ya Anga ya Uingereza walikuwa bado wamo mahandakini. Wenzao walishuka usiku wa kuamkia tarehe 6 Juni kwa ndege zisizo na injini, wakayateka madaraja yale, na tangu hapo divisheni nzima ilikuwa imeyashikilia. Siku moja akawajia mwanamume wa miaka 40, mwenye meno makubwa na tabasamu la mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni. Mkononi alishika ala ndogo ya nyuzi nne. Alisimama kando ya ukuta wa magunia ya mchanga, na hatua chache kutoka pale palikuwa na handaki jembamba la kujitosa endapo mizinga ya Wajerumani ingeanza kunguruma. Akapiga, akaimba, akatania, kisha akaenda kwa kundi jingine na kuanza upya.

Siku hiyo peke yake alitoa maonyesho tisa. Wengi wa waliomsikiliza hawakutoka shimoni.

Mtu huyo ni George Formby, mchekeshaji na mwimbaji Mwingereza, na aliyempa wazo la kwenda kule ni Jenerali Bernard Montgomery wa jeshi la Uingereza, walipokuwa wakila pamoja chakula cha jioni. Historia za vita hazikosi sura ya burudani za wanajeshi, lakini kwa kawaida sura hiyo ni fupi na hupitiwa haraka, kana kwamba kuchekesha watu walio hatarini ni jambo la bahati na la moyo mwema tu. Kwa Formby haikuwa hivyo. Ile ilikuwa kazi yenye ufundi wake, zana zake na miaka 20 ya mazoezi nyuma yake, na ndiyo maana yeye aliweza kusimama kwenye shamba lililochimbuliwa na mabomu akachekesha, mahali ambapo wasanii wengi wakubwa wa enzi zake wasingeweza hata kusikika.

Alizaliwa Wigan, kaskazini mwa Uingereza, tarehe 26 Mei 1904. Baba yake, aliyetumia jina hilohilo la George Formby, alikuwa mchekeshaji maarufu katika majumba ya burudani ya zama hizo. Mzee yule alikuwa na kifua kikuu, na kukohoa kwake alikugeuza sehemu ya mchezo: akikohoa jukwaani, aliwageukia watazamaji na kuutania ugonjwa wake mwenyewe. Hakutaka mwanawe aifuate kazi ile. Alimkataza hata kwenda kumtazama jukwaani, na alipofika miaka saba akampeleka kujifunza kupanda farasi wa mashindano. Kijana alishiriki mbio zake za kwanza akiwa na miaka 10.

Baba alifariki mwaka 1921. Wiki chache baadaye kijana alivaa mavazi ya marehemu, akashika nyimbo za marehemu na kupanda jukwaani kwa jina la George Hoy. Hakupokewa vizuri, wala hapana ajabu: alikuwa akiiga kazi ya mtu ambaye hakuwahi kumwona akiifanya. Mambo mawili ndiyo yaliyombadilisha. La kwanza ni ala aliyoinunua kwa mwigizaji mwenzake mnamo 1923. La pili ni Beryl Ingham, mcheza dansi ya viatu vya mti, aliyemwoa mwaka 1924.

Beryl hakuwa mke wa kukaa pembeni. Alisimamia mikataba, mavazi na fedha, na ndiye aliyempa mumewe posho ya mfukoni. Watu wa filamu walimwogopa. Mtu anaweza kumwona mkali kupita kiasi, na wengi waliofanya kazi naye walisema hivyo, lakini ni yeye aliyemvua mumewe mavazi ya marehemu baba yake na kumvika suti nadhifu, ni yeye aliyempangia mchezo, na kila mumewe alikokwenda kuimba wakati wa vita, mbele ya mizinga, alikuwa naye.

Kuhusu ala yenyewe inafaa kukaa kidogo, maana siri kubwa imo humo. Ala hiyo, banjolele, ina shingo fupi ya ukulele na mwili wa banjo: duara la mti na chuma lililowambwa ngozi, juu yake nyuzi nne. Kwa maneno mengine ni ngoma ndogo iliyotiwa nyuzi. Gitaa la kawaida la mti, bila umeme, sauti yake hupotea ikitoka nje ya ukumbi. Banjolele hulia kwa ukali. Mlio wake ni mfupi, mkavu, na hupasua upepo. Haihitaji gari la kuibeba wala mtu wa pili wa kuishika.

Formby hakujua kusoma noti. Alijua mikao michache tu ya vidole vya mkono wa kushoto, na wimbo ulipotaka sauti ya juu zaidi au ya chini zaidi, hakubadilisha mikao, alibadilisha ala. Alikuwa na banjolele kadhaa, kila moja imekazwa nyuzi kwa namna yake, akiiweka hii na kuichukua ile. Ukilisikia hilo unaweza kumdharau, mpaka uutazame mkono wake wa kulia kwenye filamu. Kidole cha shahada kinashuka juu ya nyuzi zote nne, kinapanda na kugusa uzi wa pembeni peke yake, kinashuka tena na kugusa ule wa upande wa pili, na mapigo yanavunjika katikati ya hesabu kisha yanarudi mahali pake bila kuchelewa. Kinafanya hivyo kwa kasi ambayo jicho haliifuati. Wapigaji wa ukulele wa leo bado wanakaa miezi mingi wakijifunza mapigo hayo, na ni wachache wanaoyapiga yakatoka safi kama yake.

Nyimbo zake zilikuwa fupi, zenye kiitikio chepesi na maneno ya mafumbo. Msomaji aliyezoea mafumbo ya taarabu atamwelewa mara moja: kila neno ni la adabu, lakini anayesikiliza anajua linakoelekea. Wimbo wake wa mwaka 1936 kuhusu msafisha madirisha na mambo anayoyaona ndani ya vyumba vya watu ulipigwa marufuku na BBC, na marufuku hiyo haikupunguza hata kidogo idadi ya walioujua. Filamu zake zilijaza kumbi. Kufikia mwaka 1939 alikuwa nyota wa kiume wa Kiingereza aliyeingiza fedha nyingi kuliko wenzake katika sinema za nchi yake. Katika filamu moja ya 1940 anaota amemfikia Hitler na kumpiga ngumi, na watazamaji walishangilia ngumi ile kwa nguvu.

Vita vilipoanza mwaka 1939, Uingereza iliunda shirika la burudani kwa wanajeshi na wafanyakazi wa viwanda vya silaha, likijulikana kwa kifupi kama ENSA, chini ya mtayarishaji wa filamu Basil Dean. Wanajeshi walilitania kwa kusema kila usiku lilikuwa na kitu kibaya cha kuwaonyesha. Utani huo ulikuwa na ukweli ndani yake, kwa kuwa shirika lililazimika kutuma wasanii wengi, wazuri na wabovu, na mchezo uliotungwa kwa ajili ya ukumbi wenye pazia na taa haukuhamishika kirahisi kwenda uwanjani.

Uchekeshaji una adui mkubwa nje ya ukumbi: kuta hazipo. Ndani ya jengo kicheko cha safu ya mbele hurudi kutoka kwenye dari na kuwaambukiza wa nyuma. Uwanjani kicheko huchukuliwa na upepo, na mzaha uliohitaji ukimya kidogo kabla ya neno la mwisho huharibiwa na lori moja linalopita. Formby alikuwa na kinga mbili. Nyimbo zake zilikuwa tayari vichwani mwa watu kupitia santuri na sinema, hivyo hata asiyesikia ubeti aliingia kwenye kiitikio. Tena ule mlio mkavu wa banjolele uliwashika watu pamoja katikati ya ubeti na ubeti, hata pale maneno yalipopotea.

Machi 1940 alikuwa Ufaransa na jeshi la Uingereza, kabla Wajerumani hawajalisukuma baharini. Nyumbani aliimba viwandani na kwa watu waliojikinga na mabomu. Chama kimoja cha Kikristo kilichotetea heshima ya Jumapili kilipinga maonyesho ya siku hiyo. Formby alijibu hadharani kwamba ataiweka ala yake chini siku za Jumapili pale vijana watakapoacha kupigana na kuuawa siku za Jumapili, kisha akakiambia chama hicho kishughulike na mambo yake. Maneno makali, kutoka kwa mtu ambaye kazi yake nzima ilikuwa kujifanya mshamba mwoga.

Mwaka 1943 yeye na Beryl walifanya ziara ya siku 53 katika eneo la Mediterania: Afrika Kaskazini, Malta, Sicily, Italia na Gibraltar. Inakadiriwa kwamba wanajeshi 750,000 walimwona. Mwaka uliofuata ndipo alipovuka kwenda Normandy, Julai, mapema kuliko karibu wasanii wote wa shirika lile. Jukwaa lake lilikuwa mkokoteni wa shamba, au nyuma ya lori la jeshi, au ardhi tupu kati ya mashimo ya mabomu. Sehemu moja mstari wa Wajerumani ulikuwa karibu mno kwa muziki. Akaiacha ala yake, akatambaa mpaka mahandakini na kuwatania askari humohumo.

Hapo ndipo tofauti ya onyesho la nje na la ukumbini inapoonekana wazi. Ukumbini mtu hununua tiketi, na bei ya tiketi hupanga nani akae mbele na nani akae juu kabisa. Shambani aliyefika mapema, au aliyechimba shimo lake karibu zaidi, ndiye anayeona vizuri. Jenerali na kuruta walicheka mahali pamoja.

Mapema mwaka 1945 Formby alipelekwa Mashariki ya Mbali: Burma, India na Ceylon. Vita vya Burma ni historia ya Afrika Mashariki pia. Askari wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, waliotoka Kenya, Uganda, Tanganyika na nchi jirani, walipigana kuteremka bonde la Kabaw mwaka 1944 katika mvua na malaria. King's African Rifles (KAR), jeshi la kikoloni la Uingereza katika Afrika Mashariki, nao walikuwa na kikosi chao cha burudani, na mmoja wa wanamuziki wake alikuwa kijana wa pwani ya Kenya aitwaye Fundi Konde. Baada ya vita kikosi hicho kilizaa Rhino Band, mojawapo ya bendi za mwanzo kupata umaarufu mkubwa Kenya, na Konde akaja kuwa mmoja wa waasisi wa muziki wa gitaa la umeme katika lugha ya Kiswahili. Kwa hiyo muziki wa kuchangamsha askari haukuwa mali ya Waingereza peke yao. Formby ana vitabu na filamu za kuhifadhi kazi yake; vijana wa kikosi cha burudani cha KAR wanastahili kuandikwa kwa upana uleule.

Hesabu zilizotolewa vita vilipokwisha zilisema Formby ameimba mbele ya wanajeshi milioni tatu. Mwaka 1946 alipewa nishani ya OBE. Mwaka huohuo yeye na Beryl walikwenda Afrika Kusini.

Sheria za apartheid zilikuwa bado hazijaandikwa, lakini ubaguzi ulikuwapo kila mahali, na kumbi zilitenga watu kwa rangi. Akina Formby walikataa kutumbuiza katika kumbi za namna hiyo. Waliimba pia mbele ya watazamaji Waafrika, na katika onyesho mojawapo mtoto mdogo wa kike, Mwafrika, alimletea Beryl boksi la chokoleti. Formby alimkumbatia mtoto huyo. Habari zikaenea, na Daniel François Malan, kiongozi wa National Party, akapiga simu kulalamika. Beryl aliipokea, akamsikiliza, kisha akamporomoshea tusi na kumwambia ampotelee mbali.

Miaka miwili baadaye, 1948, Malan akawa waziri mkuu, na ubaguzi ukafanywa msingi wa serikali. Kukataa kwa wasanii wawili hakukuzuia lolote kati ya hayo. Hata hivyo wakati ule hapakuwa na kampeni ya kimataifa ya kuwasukuma wasanii, wala sifa ya kuvuna nyumbani. Walikuwa wametoka katika miaka sita ya kuimba kwa yeyote aliyesimama mbele yao, na mtu aliyezoea umati wa aina hiyo haoni sababu ya kuugawa.

Beryl alifariki Desemba 1960. Formby alimfuata tarehe 6 Machi 1961, akiwa na miaka 56. Jeneza lake lilipokuwa likipelekwa Warrington kuzikwa kwenye kaburi la baba yake, watu wanaokadiriwa kufikia 150,000 walijipanga barabarani. Aliyeendesha mazishi alikuwa Bruce Williams, mtu wa biashara ya mazishi ambaye, kwa jina la Eddie Latta, alikuwa amemtungia Formby baadhi ya nyimbo zake za kuchekesha, ukiwemo ule wa shati la kulalia la babu.