Askofu aliyekuwa mkimbizi kama sisi



Wiki hii mgao umechelewa tena, na maneno ya kurudishwa kwa nguvu yamejaa kambini. Wengi hatulali. Ndiyo maana tumeona tuwaletee habari za mkimbizi mmoja: Askofu Festo Kivengere wa Uganda.

Alizaliwa mwaka 1919 upande wa Kigezi. Alifundisha miaka mingi Dodoma, na mwaka 1960 Billy Graham alipohubiri Moshi, yeye ndiye alimtafsiria kwa Kiswahili. Mwaka 1972 akawa askofu wa Kigezi, Idi Amin akiwa tayari madarakani.

Tarehe 16 Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa Kampala pamoja na mawaziri wawili. Serikali ikasema ni ajali ya gari. Luwum aliongoza Waanglikana wa Uganda, Rwanda, Burundi na Boga kule Zaire, kwa hiyo msiba ule ulikuwa wetu pia. Siku chache baadaye Kivengere akapata habari kwamba naye anatafutwa. Yeye na mke wake Mera wakapanda milima usiku kwa miguu mpaka Rwanda. Askofu mzima, mikono mitupu, kama sisi tulivyofika hapa.

Sasa, tusidanganyane: imani haikumwondolea uchungu siku ileile. Mwenyewe alieleza kwamba moyo wake ulijaa chuki kwa Amin, na chuki ile ikamkausha hata maombi. Siku ya Ijumaa Kuu, akiwa kanisani London, akaona hawezi kuendelea hivyo. Akasamehe. Mwaka uleule akatoa kitabu ambacho jina lake ni kusema anampenda Idi Amin. Watu walishangaa sana! Lakini hakusifu mauaji, aliendelea kuyasema wazi. Alichokataa ni kuishi amefungwa na yule aliyemfukuza. Kisha akashika kazi: kuwatafutia wanafunzi wakimbizi wa Uganda msaada wa kuendelea na masomo.

Kivengere alitoka katika uamsho wa walokole, ulioanza Rwanda na Uganda miaka ya 1930 ukafika mpaka Kenya, Tanzania na Burundi. Desturi yao ni kukaa pamoja na kutaja mzigo kwa sauti, mbele ya Mungu na mbele ya ndugu. Hilo tunaweza hata sisi. Kwenye kikundi chetu tumeanza: kila mtu anasema wasiwasi wake, tunaomba, halafu tunaulizana nani asaidiwe nini kesho.

Amin alianguka Aprili 1979, Kivengere akarudi nyumbani. Kwake ilikuwa miaka miwili. Hapa kuna wazee wenye zaidi ya ishirini, na imani yao si ndogo kuliko yake. Kwa hiyo hatuwaahidi tarehe ya kurudi. Tunawaambia tu: usikae na hofu yako peke yako usiku. Njoo, mlango uko wazi.