Mafuta Kwanza: Karanga katika Sahani ya Rubavu

Majedwali ya lishe ya Wizara ya Kilimo ya Marekani yanaipa hikori kavu, kwa kila gramu 100, kilokalori 657, mafuta gramu 64 na protini gramu 13 hivi. Karanga kavu isiyokaangwa imeandikiwa kilokalori 567, mafuta gramu 49 na protini gramu 26. Anayesoma kwa haraka ataitangaza karanga mshindi, maana tumezoezwa, tangu kliniki ya mama na mtoto hadi chuo kikuu, kuuliza protini kabla ya kingine chochote. Makala hii inapinga mazoea hayo. Kwa mlaji wa Gisenyi, Rwanda, na vilima vya Rubavu vinavyoizunguka, sifa kubwa ya karanga ni mafuta yake, na sifa hiyo inaweza kuharibika kabla karanga haijafika jikoni.

Hikori haioti Rwanda. Ni mti wa misitu ya mashariki ya Amerika Kaskazini, jamaa ya jozi, mwenye kokwa yenye gamba gumu kama jiwe. Nimeileta hapa kwa sababu wenyeji wa kule walijua walichokuwa wanakitafuta ndani yake. William Bartram, aliyesafiri miongoni mwa wenyeji Wakriki na kuchapisha kitabu chake mwaka 1791, aliandika kwamba familia moja iliweza kuwa na akiba ya zaidi ya vipimo mia vya kokwa hizo. Walizitwanga na maganda yake, wakazitia katika maji yanayochemka, wakachuja na kubaki na tui zito la mafuta la kupikia mahindi. Mpishi wa sombe wa Gisenyi, au wa Goma ng'ambo ya mpaka, anaielewa kazi hiyo bila kufundishwa: hutwanga karanga, huzikoroga kwa maji, kisha humimina rojo lile juu ya majani ya muhogo. Katika majiko yote mawili wanga ulikuwepo tele, na kilichokosekana ni mafuta.

Upungufu huo unapimika. Udongo wa volkano wa Rubavu ni hodari kwa viazi mviringo, maharage, mahindi, kabichi, karoti na vitunguu. Chukua mlo wa kawaida wa mtu mzima: nusu kilo ya viazi vya kuchemsha na maharage yaliyokuwa gramu 100 kabla ya kupikwa. Kwa hesabu ya majedwali yale yale, mlo huo una kilokalori 720 hivi na protini zaidi ya gramu 30, kiasi cha kuheshimika. Mafuta yake ni gramu 2 tu, yaani asilimia 2 au 3 ya nishati yote. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa na Shirika la Afya Duniani yanataka mafuta yachangie walau asilimia 15 ya nishati ya mtu mzima, na asilimia 20 kwa wanawake walio katika umri wa kuzaa. Ongeza gramu 30 za karanga, ujazo wa konzi moja, na mafuta yanafika gramu 17 hivi, karibu asilimia 17 ya nishati. Protini nayo inapanda, lakini hiyo haikuwa shida ya sahani ile.

Hata kama protini ndiyo hoja, karanga si mwenzi bora wa mahindi. Mahindi yana upungufu wa lisini, na karanga pia haina nyingi. Maharage ndiyo yanayoziba pengo hilo, na Mnyarwanda anayala karibu kila siku. Kwa hiyo anayempendekezea mama wa Rubavu karanga “kwa ajili ya protini” anamshauri anunue kwa bei kubwa kitu ambacho tayari anacho.

Mafuta yana kazi mbili ambazo maharage hayawezi kuzifanya. Kwanza, karotini iliyomo katika lengalenga, karoti na viazi vitamu vya rangi ya chungwa hufyonzwa vibaya pasipo mafuta, hivyo mboga iliyochemshwa kwa maji matupu hutoa vitamini A kidogo kuliko jedwali linavyoahidi. Pili, mafuta hubeba nishati nyingi katika ujazo mdogo, na tumbo la mtoto wa mwaka mmoja ni dogo. Anashiba uji mwepesi kabla hajapata nishati ya kutosha. Mwaka 1996 daktari André Briend na Michel Lescanne wa kampuni ya Nutriset, Ufaransa, walipotengeneza Plumpy'Nut kwa watoto wenye utapiamlo mkali, walichagua siagi ya karanga kama msingi wake, na pakiti ya gramu 92 ikabeba kilokalori 500. Zaidi ya nusu ya nishati hiyo inatokana na mafuta.

Mtu anaweza kuuliza: mbona tusitumie mawese? Swali la haki. Mawese mekundu ni mafuta matupu na yana karotini yake yenyewe, na kwa familia inayoyapata ni chakula cha thamani. Karanga inaongeza vitu ambavyo hayo mafuta hayana, yaani foleti, magnesiamu na niasini. Lakini nayo haijitoshelezi. Ina asidi ya fitiki inayozuia zinki na madini ya chuma visifyonzwe vizuri, na karibu haina kabisa mafuta ya jamii ya omega-3, ambayo hikori inayo angalau kidogo. Bahati ya Gisenyi ni ziwa lililo mbele yake. Sambaza, dagaa walioletwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, huliwa wazima na mifupa yao, na huleta kalisi, zinki na vitamini B12. Utafiti wa Rwanda wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2019–2020 ulikuta udumavu kwa asilimia 33 ya watoto wa chini ya miaka mitano nchini, na asilimia 40 katika Mkoa wa Magharibi, ilipo Rubavu, ambao una ziwa, maziwa ya ng'ombe na udongo ule wote. Hakuna chakula kimoja kitakachofuta tarakimu hizo, na mimi huwatilia shaka wanaokinadi kimoja.

Sasa nije kwenye neno “kavu”, ambalo majedwali hulipita kana kwamba ni jambo dogo. Karanga hupenda joto, na miinuko ya Rubavu, mingine ikipita mita 2,000, haiifai. Zinazouzwa Gisenyi kwa sehemu kubwa zimesafiri. Hikori hujilinda kwa gamba lake. Ganda la karanga ni jembamba, tena tunda lenyewe hukomaa chini ya udongo, penye kuvu wa Aspergillus. Punje zikibaki na unyevu unaozidi asilimia 7 au 8 ghalani, kuvu huamka na kutoa sumukuvu. Sumu hiyo ilitambuliwa kwa sababu ya karanga hasa: mwaka 1960 batamzinga wapatao 100,000 walikufa Uingereza baada ya kulishwa mashudu ya karanga kutoka Brazili. Mwaka 2004, nchini Kenya, mahindi yenye sumu hiyo hiyo yaliua watu 125. Utafiti wa Benin na Togo uliochapishwa mwaka 2002 uliihusisha sumukuvu na ufupi wa watoto. Uhusiano si uthibitisho wa chanzo, ila unatosha kutuzuia tusiisifu karanga pasipo kuuliza imekaushwaje.

Hatari imejificha zaidi katika unga. Mnunuzi wa punje nzima huona zilizovunjika, zilizosinyaa na zenye ukungu, akazitupa, na kuchambua huko huondoa sehemu kubwa ya sumu. Kukaanga huipunguza tu. Karanga ikishasagwa hakuna cha kuchambua, na katika masoko mengi ya Afrika Mashariki na Malawi punje zilizokataliwa ndizo zinazoishia kuwa unga. Unga huo ndio unaomfaa kwa bei mwenye fedha kidogo, na ndio unaotiwa katika uji wa mtoto. Kiwango cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, yaani sumukuvu isizidi sehemu 10 kwa bilioni, hufuatwa kiwandani. Mama muuzaji anayepima karanga kwa kikombe karibu na mpaka wa Goma hana kipimo, na akichambua anapoteza uzito ambao hakuna anayemlipa. Ushauri wa lishe unaomwambia achague punje nzuri unamtwika yeye hasara ya wote. Zile zilizokataliwa zikipata mnunuzi mwingine, tuseme kiwanda cha mafuta chenye usafishaji kamili, ambao huiondoa sumu karibu yote, huku mashudu yakizuiwa yasirudi sokoni kama chakula, kuchambua kutaanza kumlipa.