Daftari la Mishahara na Wafu wa Vita Kuu ya 1914

Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia hukadiriwa kuwa iliua wanajeshi kati ya milioni 9 na milioni 10, pamoja na mamilioni ya raia ambao idadi yao hutofautiana sana kutoka kitabu kimoja hadi kingine. Sababu ya tofauti hizo ni kwamba takwimu za vifo hukusanywa kutoka katika kumbukumbu zilizoandikwa kwa kazi nyingine kabisa, kama vile kulipa mishahara, kugawa chakula cha jeshi au kutoza kodi ya kichwa, na pale ambapo hapakuwa na mtu aliyezihitaji kumbukumbu hizo, marehemu hakuingia katika karatasi yoyote. Ni sehemu chache ambako jambo hili linaonekana waziwazi kama Afrika Mashariki, ambako Waingereza, Wajerumani, Wabelgiji na Wareno walipigana kuanzia Agosti 1914 hadi 25 Novemba 1918, siku ambayo Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Ujerumani, alisalimisha silaha zake huko Abercorn, mji ambao leo ni Mbala nchini Zambia, wiki mbili baada ya bunduki kunyamaza Ulaya.

Kwa upande wa wanajeshi wa Dola ya Uingereza, hesabu ya mapigano hayo haina mgogoro mkubwa: waliokufa walizidi 10,000 kidogo, wengi wao kwa maradhi na si kwa risasi. Askari alikuwa na namba, kikosi na afisa aliyelazimika kueleza alikokwenda. Ugumu unaanza kwa wapagazi, yaani wanaume waliobeba mizigo ya jeshi vichwani na mabegani, ambao kisheria hawakuwa wanajeshi na ambao ni vigumu pia kuwaita raia, kwa kuwa waliishi chini ya amri ya kijeshi na kufa katika njia zilezile.

Walihitajika kwa wingi kwa sababu mbung'o waliwaua farasi, nyumbu na maksai waliotarajiwa kuvuta mizigo, na reli ziliishia mbali na mahali pa mapigano. Mpagazi alibeba mzigo wa kilo 25 hivi, naye alihitaji takriban kilo moja ya posho kwa siku, kwa hiyo aliyebeba unga kwa siku kumi na mbili kwenda na kumi na mbili kurudi alikuwa amekula karibu mzigo wake wote, na kila hatua ambayo jeshi lilisonga mbele ilidai wapagazi wa kuwalisha wapagazi. Sheria ya mwaka 1915 iliruhusu kuwachukua watu kwa nguvu katika Kenya ya leo, na mwaka 1917 John Ainsworth, aliyeteuliwa kuwa kamishna wa kazi za kijeshi, alisimamia msako mkubwa zaidi wa vibarua katika wilaya za nchi hiyo. Kwa jumla, upande wa Waingereza pekee uliwatumia zaidi ya watu milioni moja, wakiwamo wengi waliochukuliwa katika ardhi iliyotekwa kutoka kwa Wajerumani. Mitaa ya Kariakoo jijini Dar es Salaam na Kariokor jijini Nairobi ilipata majina yake kutokana na kikosi cha wachukuzi cha Waingereza.

Kikosi hicho, kilichoongozwa na Oscar Watkins, kilikuwa na madaftari yenye namba na majina, na idadi rasmi ya wapagazi waliokufa, ambayo ni karibu 45,000, inatokana na kumbukumbu za namna hiyo. Takwimu hii ni kima cha chini, yaani idadi ambayo haiwezi kushuka lakini inaweza kupanda, kwa kuwa ilimhesabu tu mtu ambaye kifo chake kilishuhudiwa na kuandikwa. Mtu aliyeanguka njiani kwa kuhara damu, na mwenzake asipate nafasi ya kumtaja kwa karani, aliweza kuandikwa kuwa mtoro. Aliyeachishwa kazi akiwa mgonjwa na kufia kijijini kwake alionekana katika daftari kama mtu aliyerudi salama. Maradhi hayo yalichochewa na chakula chenyewe: watu wa Uganda waliozoea ndizi walipewa unga wa mahindi, ambao mara nyingi haukuiva kwa kukosekana kuni na muda, ukayaharibu matumbo yao.

Mwanahistoria Geoffrey Hodges, aliyezichambua upya takwimu hizo katika miaka ya 1970 na 1980, aliona kwamba vifo vya wapagazi wa Uingereza havikupungua 95,000 na huenda vilizidi 100,000. Njia yake ilikuwa kuzipima rejista dhidi ya ripoti nyingine za utawala na kuwarudisha katika hesabu baadhi ya waliopotea bila maelezo, njia inayostahili kuaminiwa zaidi kuliko idadi rasmi, ingawa nayo inategemea madaftari yaleyale. Kwa wapagazi wa Wajerumani, ambao wengi walichukuliwa kijiji hadi kijiji na kuachwa walipochoka, hata daftari la kulinganisha halikuwapo.

Kwa raia wa kawaida hesabu inategemea mbinu iitwayo vifo vya ziada, yaani tofauti kati ya watu waliokufa na wale ambao wangekufa hata kama amani ingedumu. Mbinu hiyo inahitaji idadi ya watu ya kabla ya vita, na makadirio ya Wajerumani katika koloni lao yalitegemea kwa sehemu kubwa hesabu za walipa kodi, ambao walikuwa na kila sababu ya kujificha. Ugogo, katikati ya Tanzania ya leo, unaonyesha shida hiyo kwa karibu. Majeshi ya pande zote mbili yalichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kulima, kisha mvua zikakosekana, na njaa iliyofuata, ambayo Wagogo waliiita Mtunya, inakadiriwa kuua watu 30,000 kati ya 150,000. Ukame huja hata bila vita, lakini maghala yaliyokuwa matupu kabla ya ukame yalikuwa kazi ya majeshi, na hakuna kanuni ya hesabu inayoweza kugawanya kaburi moja kati ya sababu hizo mbili. Mwishoni mwa 1918 ikaongezeka homa ya mafua iliyoenea dunia nzima, ambayo baadhi ya waandishi huiweka ndani ya jumla ya vita na wengine huiacha nje. Anayelinganisha vitabu viwili bila kuuliza kama mafua hayo yamehesabiwa atapotoka kwa maelfu mengi.

Mwaka 2021 kamati maalumu ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, chombo kilichoundwa mwaka 1917 kwa kanuni ya kuwakumbuka wafu wote kwa usawa, ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafikia 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Pengo kati ya tarakimu hizo mbili ni kubwa kuliko jumla ya vifo ambayo majeshi mengi ya nchi ndogo za Ulaya yaliripoti, na linasema ukweli zaidi kuliko idadi moja iliyonyooka. Majina yanayoendelea kutafutwa katika nyaraka yatainua kima cha chini polepole, lakini kima cha juu hakitasogea, kwa kuwa kinawahusu watu ambao hawakuandikwa hata walipokuwa hai. Kwa walioandikwa, daftari lilibaki na kazi yake ya awali: mishahara ya wapagazi waliokufa au kupotea, ambayo ndugu zao hawakujitokeza kuidai, ilibishaniwa kwa miaka mingi kati ya serikali za makoloni na London, na mwishowe London ikakataa kuitoa.