Simbi na Mlima wa Wafu

Ibada ya kubandwa, yenye kumtukuza Ryangombe, ilienea Rwanda hata Bushubi na Uzinza, ndiyo Ngara na Biharamulo zetu. Waumini wake walijipamba kwa shanga na simbi. Simbi hizo zilitoka Bahari ya Hindi, na ni zile zile ambazo Wahindu huzihusisha na Lakshmi.

Nchini Rwanda iliaminiwa kwamba mwanachama akifa huenda kustarehe juu ya Karisimbi, mlima wa mita 4,507. Asiyeingizwa huishia katika moto wa Nyiragongo. Jina Karisimbi lenyewe huhusishwa na isimbi, yaani simbi nyeupe, kwa weupe wa kilele chake. Kwa hiyo mwongofu aliyezitupa simbi zake mbele ya wamisionari hakuvua urembo tu. Aliuacha na mlima.