Lebo ya "Watu Wazima": Nusu Karne ya Kunadi Anime kwa Wakubwa

Mwaka 1972 kumbi kadhaa za sinema Marekani zilitundika bango la katuni ya Kijapani iliyobatizwa Cleopatra: Queen of Sex. Bango lilijigamba kwamba filamu ina daraja la X, yaani mtoto asikanyage. Ulikuwa uongo. Filamu hiyo haikuwahi kufikishwa mbele ya chombo kinachotoa madaraja hayo. Msambazaji alijipa X mwenyewe. Majira yale yale ilikuwa imetoka Fritz the Cat, katuni ya Kimarekani yenye X halali, na gumzo lake lilitosha kuonyesha kwamba herufi ile peke yake inauza tiketi.

Shabiki mkongwe wa anime akisikia leo kwamba kampuni imetoa kazi "kwa ajili ya watu wazima", swali lake la kwanza ni moja: wanataka kuniuzia nini? Wapo wanaoliona swali hilo kuwa kiburi cha watu wanaojidai kujua kuliko wote. Kiburi kipo, hakuna wa kukikana. Lakini ukiifuatilia biashara hii tangu mwanzo, utaona swali lenyewe ni la haki. Mara nyingi watu wazima walifika kwenye anime kwa miguu yao wenyewe, kampuni zikaja nyuma na lebo.

Roboti mtoto na studio iliyofilisika

Cleopatra ilitoka kwenye nyumba yenye heshima. Osamu Tezuka, ambaye Wajapani humwita mungu wa manga, yaani hadithi za katuni za kuchapishwa, alianzisha studio ya Mushi Production mwaka 1961, na tarehe 1 Januari 1963 Fuji TV ikaanza kurusha Astro Boy yake kila wiki. Mdhamini alikuwa Meiji, kampuni ya chokoleti. Tezuka alikubali malipo yasiyofidia gharama ya kipindi, akitumaini kwamba bidhaa zenye sura ya yule roboti mtoto zingeziba pengo. Chokoleti zikatoka na vibandiko vya Astro Boy, watoto wakavigombania. Ndivyo anime ya televisheni ilivyozaliwa: imefungwa kwenye duka la peremende.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 studio hiyo ilijaribu kulikata fundo. Ikatoa filamu tatu za watu wazima zilizoitwa Animerama, Eiichi Yamamoto akiwa mwongozaji wake mkuu. A Thousand and One Nights ya 1969 ilipata watazamaji Japani. Cleopatra ya 1970 ikasuasua. Ya tatu, Belladonna of Sadness, ilitoka mwaka 1973, Tezuka akiwa ameshaondoka. Inasimulia mwanamke wa kijijini Ufaransa anayebakwa na bwana wa eneo lao siku ya harusi yake, kisha akafanya mapatano na shetani. Yamamoto aliijenga kwa michoro ya rangi za maji ambayo mara nyingi haisogei kabisa, kamera ikipita juu yake taratibu. Haikuuzika, na kabla ya mwaka kwisha Mushi ilikuwa imefilisika.

Leo Belladonna inahesabiwa miongoni mwa katuni za kijasiri zaidi za enzi yake. Nakala iliyosafishwa upya ilipoonyeshwa Marekani mwaka 2016, wahakiki waliipokea kwa heshima ambayo watengenezaji wake hawakuipata. Kwa wenye fedha wa 1973, hata hivyo, hesabu ilikuwa wazi: mtoto analeta pesa, mkubwa haleti.

Waliokua bila kuitwa

Kilichofuata kiliivuruga hesabu hiyo. Oktoba 1974 ilianza Space Battleship Yamato, hadithi ya manowari ya vita vya pili vya dunia inayogeuzwa chombo cha angani ili kuiokoa dunia. Saa ile ile kituo kingine kilikuwa kikionyesha katuni ya Heidi, na familia nyingi zikamchagua Heidi. Vipindi 39 vilivyopangwa vikakatwa hadi 26. Ingeishia hapo, lakini wanafunzi wa sekondari na vyuo waliipenda, wakaunda vilabu, wakaililia irudiwe. Ilipounganishwa kuwa filamu Agosti 1977, vijana walilala nje ya kumbi wakisubiri milango ifunguliwe. Mwaka uliofuata kampuni ya uchapishaji ya Tokuma Shoten ikaanzisha jarida la Animage kwa ajili ya wasomaji hao hao. Soko lilikuwa limejitokeza lenyewe.

Mwaka 1979 mambo yakajirudia. Mobile Suit Gundam ilidhaminiwa na Clover, kampuni ya midoli iliyotaka roboti za kuwauzia wavulana wadogo. Mwongozaji Yoshiyuki Tomino aliwapa roboti yao, lakini akaitia katika vita ambavyo kila upande una watu wa kuhurumiwa, huku rubani wake kijana akivunjika moyo na kutoroka kikosi. Midoli ikadoda. Mfululizo ukafungwa Januari 1980 ukiwa na vipindi 43 badala ya 52. Ukaja kuokolewa na marudio, na pia na roboti za plastiki za kuunganisha mwenyewe ambazo Bandai ilianza kuziuza Julai mwaka huo. Wengi walioziunganisha walikuwa wamepita kitambo umri wa kuchezea midoli.

Tarehe 22 Februari 1981 umati unaokadiriwa kufikia watu 15,000 ulijaa nje ya stesheni ya Shinjuku, Tokyo. Tomino alikuwapo, na tamko likasomwa la kutangaza kwamba enzi mpya ya anime imewadia. Kumbukumbu hiyo ni tamu kwa mashabiki, nao husahau kwa urahisi kwamba mkusanyiko ule uliandaliwa kuitangaza filamu ya kwanza ya Gundam, iliyotoka wiki tatu baadaye. Hata siku ambayo vijana walidai anime yao ikubaliwe kuwa sanaa ya watu waliokomaa, tiketi zilikuwa zinauzwa.

Mlango mwingine ulifunguliwa Desemba 1983, ilipotoka Dallos, anime ya kwanza kuuzwa moja kwa moja kwenye kanda bila kupitia televisheni wala sinema. Mnunuzi akawa ndiye mdhamini. Waongozaji wakapata uhuru ambao mwenye chokoleti asingewapa. Uhuru huo huo ukawapa nafasi watengenezaji wa ponografia, na mwaka uliofuata kanda zao zilikuwa madukani tayari.

Ijumaa usiku Uingereza

Hakuna mahali ambapo shaka ya mashabiki ilipata ushahidi mwingi kama Uingereza. Akira ya Katsuhiro Otomo, iliyotoka Japani Julai 1988, ilifika kwenye sinema za London mwaka 1991. Kanda yake ikatolewa na kampuni ya kundi la Island World la Chris Blackwell, yule yule aliyeufikisha muziki wa Bob Marley duniani kupitia Island Records. Iliuzika vizuri kiasi kwamba wakaanzisha lebo maalumu, Manga Video. Mteja waliyemlenga alikuwa kijana wa kiume anayetafuta kanda kali ya kutazama na wenzake Ijumaa usiku baada ya kutoka baa.

Tatizo lilikuwa la ugavi. Kazi za kiwango cha Akira zilikuwa za kuhesabika; kanda za damu na ngono zilikuwa tele. Mwaka 1992 ikatoka Legend of the Overfiend, ambamo mashetani wenye minyiri huwabaka wanawake. Bodi ya kuainisha filamu ilikata vipande kabla ya kuipitisha, na hilo halikuiharibia soko hata kidogo. Magazeti yalipiga yowe kwamba katuni za Kijapani ni uchafu, na kila yowe likawa tangazo la bure.

Hila nyingine ilifanyika chini kwa chini. Katika kuingiza sauti za Kiingereza, matusi ambayo hayakuwemo kwenye Kijapani yalirundikwa ili kanda ipewe daraja la miaka 15 au 18 na ionekane kali rafuni. Mfano ambao mashabiki hawachoki kuutaja ni Cyber City Oedo 808, ambayo toleo lake la Kiingereza limejaa matusi mwanzo hadi mwisho. Ile X ya kujibandika ya mwaka 1972 ilikuwa imepata mrithi.

Waliokasirika zaidi hawakuwa wazazi. Walikuwa mashabiki. Jarida la Anime UK, lililohaririwa na Helen McCarthy katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1990, liliwaonyesha Waingereza upana wa anime: mapenzi, michezo, vichekesho, visa vya watoto na vya wazee. Kazi hiyo ilibidi ianze upya kila gazeti lilipochapisha makala nyingine kuhusu minyiri. Na uchungu ulikuwa huu: anime iliyokomaa kweli kweli ilikuwapo. Tarehe 16 Aprili 1988 kumbi za Japani zilianza kuonyesha Grave of the Fireflies ya Isao Takahata, kisa cha ndugu wawili yatima wanaokufa kwa njaa baada ya mabomu ya Kobe. Ilionyeshwa kwa tiketi moja na My Neighbor Totoro, filamu ambayo mtoto wa miaka minne anaielewa. Filamu nzito kuliko zote za mwaka ule iliuzwa ubavuni mwa ile nyepesi, bila onyo la umri wala herufi nyekundu.

Haki itendeke pia kwa wafanyabiashara. Kampuni hiyo hiyo ya Manga iliungana na Kodansha na Bandai Visual kuigharamia Ghost in the Shell ya Mamoru Oshii. Filamu haikutikisa sinema za Japani mwaka 1995, lakini mwaka 1996 kanda yake ilifika nafasi ya kwanza katika orodha ya mauzo ya video ya jarida la Billboard nchini Marekani. Fedha za Overfiend na fedha za Oshii zilitoka mfuko mmoja.

Vyombo vya angani vya kuuza

Wakati London ikikimbizana na madaraja ya umri, Japani iliendelea kupata anime yake ya wakubwa kwa ajali. Neon Genesis Evangelion ilianza Oktoba 1995 saa 12:30 jioni, watoto wakiwa hawajalala; iliporudiwa usiku wa manane mwaka 1997 ikavuta watazamaji wengi hata vituo vikaanza kuzijaza saa hizo kwa anime.

Cowboy Bebop ina kisa kizuri zaidi. Mwongozaji wake, Shinichirō Watanabe, amesimulia kwamba kitengo cha midoli cha Bandai kilimruhusu afanye atakacho mradi kuwe na vyombo vya angani vya kutengenezea midoli. Walipoona wawindaji wa wahalifu waliochoka na maisha, wakivuta sigara na kukumbuka wapenzi waliowapoteza, walijitoa. Bandai Visual ikaipokea. Mwaka 1998 TV Tokyo ilirusha sehemu tu ya vipindi vyake, na vyote 26 vikaja kuonekana kwenye kituo cha WOWOW. Tarehe 2 Septemba 2001, kituo cha Marekani cha Cartoon Network kilipozindua kipindi chake cha usiku kwa wakubwa, Adult Swim, Bebop ndiyo ilikuwa anime ya kwanza kuwekwa hapo.

Kwa mara moja lebo na kazi vilifanana. Adult Swim haikuigusa Bebop kuifanya iwe ya wakubwa; iliipa saa tu. Miaka 20 baadaye Netflix ilijaribu kuwauzia mashabiki wale wale toleo la waigizaji halisi, likazinduliwa tarehe 19 Novemba 2021. Tarehe 9 Desemba lilikuwa limeshafutwa.

Utoto kwa bei ya mshahara

Msukumo wa leo una sababu ambayo haikuwapo enzi za Tezuka. Mwaka 1973 Japani ilipata watoto wachanga zaidi ya milioni 2. Mwaka 2022 walikuwa chini ya laki 8. Muuza midoli akiangalia takwimu hizo anaona wateja wake wanakwisha, kisha anaangalia upande wa pili na kuwaona wa zamani, sasa wana kazi na mshahara.

Ndiyo maana Bandai ikauza vipodozi vya Sailor Moon kwa wanawake waliokuwa wasichana mwaka 1992. Ndiyo maana Digimon ikarudi kwa filamu sita za Digimon Adventure tri. kati ya 2015 na 2018, zikiwaahidi waliokua nayo kwamba wahusika wamekua pia. Wengi wao waliondoka na manung'uniko: wahusika wa mfululizo wa pili walionyeshwa mwanzoni kama vivuli wakipigwa, na filamu baada ya filamu ikapita bila jibu la maana la nini kiliwapata.

Oktoba 2023 ikawa zamu ya Pretty Cure, mfululizo wa wasichana unaouza midoli ya Bandai tangu 2004. NHK ilionyesha vipindi 12 vya Otona Precure '23, ambamo mashujaa wa 2007 sasa ni wanawake wenye kazi, mashaka ya mapenzi na wakubwa wa ofisi wanaokera. Walioipenda walikuwapo, tena kwa dhati. Wenye shaka walionyesha jambo moja: kila wanawake hawa wanapoitwa kupigana, miili yao inarudi kuwa ya wasichana wa shule. Wameruhusiwa kuchoka kama watu wazima. Kushinda kumeachiwa utoto.

Siku chache kabla yake, tarehe 29 Septemba 2023, Nippon TV ilikuwa imeanza kurusha Frieren, iliyotokana na jarida la manga la wavulana. Mhusika wake ni mchawi anayeishi kwa karne nyingi, anayegundua baada ya mazishi ya rafiki yake kwamba hakuwahi kujitahidi kumfahamu. Hakuna aliyeiandikia "ya watu wazima", lakini waliopita miaka 40 walijiona ndani yake.

Waswahili husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Historia hii inaikubali methali nusu. Belladonna ilikuwa nzuri na haikujiuza. Yamato na Gundam zilihitaji mashabiki wazibebe, na Akira isingefika London bila mfanyabiashara. Shabiki anayekataa kila tangazo atakosa vitu vyema. Lakini anayedai aone kazi kabla ya lebo ana miaka 50 ya ushahidi upande wake. Kampuni inayomtaka mtazamaji wa miaka 40 imtafute kwanza mwandishi mwenye jambo la kumwambia, na bango liandikwe mwisho.