Nani Ashike Fedha za Yatima?

Mwaka 2000, katika mji mdogo wa Nshamba wilayani Muleba, mkoani Kagera, Tanzania, vijana waliofiwa na wazazi waliunda chama chao. Walikuwa na umri wa kati ya miaka 13 na 20. Wakakiita Vijana Simama Imara, kwa kifupi VSI, wakachagua viongozi, wakajigawa katika vikundi vya vijijini, kisha wakafanya jambo ambalo watu wazima wengi wangewakataza: wakaanzisha benki yao ya kuweka na kukopa.

Hadi wakati huo yatima wa Kagera alikuwa mtu wa kupewa. Alipewa blanketi, daftari, sare ya shule, na mwishoni mwa mwaka alihesabiwa kwenye ripoti. Kumkabidhi fedha, tena azitunze na wenzake, lilikuwa wazo geni.

Ili kuelewa walikofikia, inabidi kurudi nyuma. Vita vya 1978 na 1979 dhidi ya Idi Amin viliuacha mkoa umechoka, na biashara ya magendo na Uganda ikashamiri mpakani. Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini wakagunduliwa hapa Kagera. Watu wakauita ugonjwa ule Juliana, jina la nguo zilizokuwa zikivushwa na wafanyabiashara kutoka Uganda. Aliyevaa Juliana alikuwa na fedha, na wenye fedha ndio walioonekana kufa kwanza. Watafiti walipopima mwaka 1987 walikuta maambukizi ya asilimia 24.2 miongoni mwa watu wazima wa Bukoba mjini. Muleba ilikuwa asilimia 10. Waliokuwa wakifa ni watu wa umri wa kulea, na nyuma yao walibaki watoto na wazee.

Mtoto aliyebaki alikuwa na mali moja ya maana: kibanja, yaani nyumba, migomba na mibuni inayoizunguka. Lakini kibanja kwa Wahaya ni cha ukoo kabla ya kuwa cha mtu, na baba akifa, ndugu zake ndio wenye sauti. Wako baba wadogo waliolea kwa moyo. Wako pia waliochukua shamba na kumwachia bibi watoto. Mwanamke ndiye aliyekuwa na nafasi finyu zaidi, hadi pale kesi iliyoanzia Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha, Muleba, ilipofika Mahakama Kuu Mwanza. Binti aliyerithishwa ardhi na baba yake kwa wosia alikuwa ameiuza kwa mtu wa nje ya ukoo. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya akaamua kwamba ana haki ya kuuza kama mwanamume. Hukumu hiyo inafundishwa vyuoni hadi leo. Vijijini ilichukua muda mrefu zaidi kusikika.

Makanisa ndiyo yaliyoamka mapema. Kanisa la Kiinjili la Kilutheri, kupitia Dayosisi yake ya Kaskazini Magharibi yenye makao Bukoba, lilianzisha HUYAWA, Huduma ya Watoto. Kwa ujumla mashirika ya miaka ile yalishughulika na tumbo, mgongo na ada. Sioni sababu ya kuyabeza. Mtoto mwenye njaa hahitaji semina. Ila kulikuwa na hasara ambayo blanketi halikuifikia. Utafiti mkubwa wa kaya za Kagera, ulioanza 1991 chini ya Benki ya Dunia na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliwafuatilia watoto hao hadi walipokuwa watu wazima. Waliofiwa na mama utotoni walikuwa wafupi kwa takriban sentimita 2 kuliko ambavyo wangekuwa, na walikosa karibu mwaka mmoja wa masomo.

Hapo, kwenye majonzi ambayo blanketi halikuyafikia, ndipo asasi ya Humuliza inapoingia. Ilianza Nshamba mwaka 1997, ikiungwa mkono na shirika la Uswisi la terre des hommes schweiz, na mwasisi wake alikuwa Mswisi, Kurt Madörin. Kazi yake ya kwanza ilikuwa na walimu. Walifundishwa kumtambua mtoto anayesinzia darasani, anayepiga wenzake bila sababu, au aliyeacha kabisa kusema, na kujiuliza nyumbani kwake kumetokea nini kabla ya kushika fimbo. Kwetu kifo hakisimuliwi kwa mtoto. Ataambiwa mama amesafiri, au hataambiwa lolote, atabaki kuokota vipande vya habari jikoni. Humuliza ikataka mtoto aambiwe na asikilizwe.

Kutokana na kusikilizwa huko ndipo VSI ilipozaliwa. Wanachama walisaidiana kulima na kukarabati nyumba, waliweka akiba, walikopeshana mitaji midogo. Wadogo zao wakapata kundi lao, Rafiki Mdogo. Tathmini iliyofanywa miaka michache baadaye na watafiti wa Afrika Kusini, Glynis Clacherty na David Donald, iliwakuta wanachama wakijiamini kuliko yatima wenzao waliokuwa nje ya chama. Uzoefu wa Nshamba, pamoja na ule wa kambi ya Masiye nchini Zimbabwe, ukawa chimbuko la REPSSI, mtandao uliosambaza msaada wa kisaikolojia kwa watoto katika nchi za mashariki na kusini mwa Afrika.

Hata hivyo, kijana wa VSI akitoka kikaoni alirudi kwa bibi. Na bibi hakuwa na shirika. Mwaka 2003 Madörin na wenzake wakaanzisha KwaWazee, mpango usio na mbwembwe: shilingi 6,000 kila mwezi mkononi mwa mzee, na nyongeza ya 3,000 kwa kila mjukuu anayemlea. Hakuulizwa atazitumiaje. Wafadhili wengi wangeingiwa na hofu hapo, wangetaka risiti, au wangeona zitaishia kwenye olubisi, pombe ya ndizi. Ripoti iliyotolewa mwaka 2008 ilionyesha zilikoishia, na jina lake limebeba jibu: chumvi, sabuni na viatu vya shule. Binafsi naona uamuzi huu ndio mzito kuliko yote katika historia hii. Ulikubali kwamba taasisi kubwa ya kulea watoto Muleba ilikuwa tayari ipo, imekaa barazani ikimenya ndizi, na ilichokosa ni fedha taslimu.

Dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa kwa mpango wa taifa mwaka 2004, na wazazi wakaanza kuishi. Maambukizi Muleba yalikuwa yameshashuka hadi asilimia 4.3 kufikia 1999. Sheria ya Mtoto ikapitishwa 2009. Kwa upande wa wazee, Zanzibar ikaanza kulipa pensheni jamii Aprili 2016, shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila mkazi mwenye miaka 70 na kuendelea, awe tajiri au fukara. Bara ilichagua njia ya TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, iliyoteua kaya maskini. Kwa hiyo miaka 13 baada ya KwaWazee kuanza, ni Unguja na Pemba zilizomlipa bibi kwa sababu tu amezeeka. Bibi wa Muleba alibaki kungoja kama jina lake litatokea kwenye orodha.