Matari ya Riyadha

Anayedhani kusoma ni kazi ya kukaa kimya na kucheza ni kazi ya wasiosoma, na aitazame Lamu. Habib Swaleh, sharifu mzaliwa wa Ngazija aliyefariki mwaka 1935, alianzisha msikiti wa Riyadha, akawafundisha hata watumwa na wajukuu wao, watu ambao wakubwa wa mji hawakutaka kuwaona darasani. Maulidi aliyoyaeneza, ya Al-Habshi wa Seiwun, Hadhramaut, husomwa kwa matari. Msomaji akifika penye kuzaliwa kwa Mtume, watu husimama, marashi ya mawaridi hunyunyizwa na udi hufukizwa. Nje, wanaume wenye kanzu hujipanga safu wakicheza goma, bakora mkononi, taratibu mno kiasi cha kumchosha mgeni.

Wapo wanazuoni walioyaita hayo uzushi, na hoja yao si ya kudharauliwa: ibada ina mipaka yake. Lakini goma halikudai kuwa sala. Wengine husema ngoma ilikuwa chambo tu cha kuwavuta wasiojua kusoma. Hilo nalikubali nusu. Chambo huachwa samaki akishanaswa. Matari hayakuachwa, hata Riyadha ilipokuwa chuo kinachopokea wanafunzi kutoka pwani yote. Tena mpiga tari hana budi kuijua kasida, ajue wapi apige na wapi anyamaze. Huyo naye ni msomaji, ingawa mikono yake haikushika kitabu.